Khati za Itilima na Hazina Zilimolala

Mtu atakaye kuandika tarikhi ya Lagangabilili, mji ulio makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, hana budi kulikubali tangu mwanzo jambo moja ambalo huwavunja moyo vijana wengi wenye ari ya utafiti, nalo ni kwamba karatasi za nchi ile hazikukaa katika nchi ile. Barua kwa tabia yake humwacha aliyeiandika ikamfuata aliyeandikiwa. Ikiisha kufika huwa ni mali ya mpokeaji, naye akipenda huitunza, asipopenda huiwashia moto. Na kwa kuwa watu wa Itilima, tangu siku walipoanza kuandika au kuandikiwa, aghalabu waliwaandikia wakubwa waliokaa mbali nao, khati zao zimelala katika makasha ya Dar es Salaam na Mwanza, na nyingine zinazowahusu wao na jirani zao zimevuka bahari hata Uingereza, Italia na Marekani. Ilhali majibu, ambayo ndiyo yaliyokuja kukaa vijijini, yamekuwa riziki ya mchwa.

Hali hii si ya Itilima peke yake, wala haikuanza na Wazungu wa juzi. Barua za kale kuliko zote zijulikanazo katika lugha ya Kiswahili ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na kwa watu waliofungamana nao. Na atakaye kuzitazama leo hatazikuta Kilwa, wala hatazikuta Msumbiji, bali itampasa aende Goa, katika Bara Hindi, kwa sababu Goa ndiko alikokaa mkubwa wa mamlaka ya Kireno katika bahari yetu, na karatasi za dola hupanda daima kuelekea kilipo kiti. Kilwa iliandika, Goa ikatunza. Vivyo hivyo Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa katika nchi ya Wamakonde kusini, alipomjibu kamishna wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, mwaka 1890 kwa barua ya Kiswahili, akikataa kwa maneno ya kiungwana kuja pwani kujisalimisha, maneno yake yalisalimika kwa kuwa yaliingia mikononi mwa adui yake. Ni kejeli kubwa ya tarikhi kwamba wengi waliopinga dola hatuwasikii ila kwa hisani ya masjala ya dola ile ile.

Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884 na ambaye jina lake lilivuma hata Usukuma, yeye hakujua kusoma wala kuandika, walakini aliijua vizuri nguvu ya waraka. Alikuwa na watu wa kumwandikia. Na alipokuja Dk. Ebenezer Southon wa London Missionary Society kukaa mjini pake mwaka 1879, Mirambo alimtumia kama kalamu yake ya Kiingereza katika kuzungumza na Balozi John Kirk aliyekuwa Unguja. Barua za Southon na za wenziwe zimo leo London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, pamoja na nyaraka nyingine za chama chao. Mtu akitaka kumsikia Mirambo akisema basi hana budi kumsikia kupitia kwa mganga wa Kizungu aliyekuwa na haja zake mwenyewe, na kazi ya msomaji ni kupambanua lipi ni la ntemi, yaani mtawala mwenyewe, na lipi ni la katibu. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa litaturudia katika kila faili tutakalolifungua.

Sasa tuingie Itilima. Nchi hiyo, iliyo sehemu ya Usukuma, ni ya mbuga na vilima vya mawe, mashamba ya pamba na mtama, na makundi ya ng'ombe. Upande wa mashariki inaelekea Pori la Akiba la Maswa na nyika za Serengeti. Zamani ilikuwa mojawapo ya himaya za batemi zilizokuja kuunganishwa na Waingereza chini ya Wilaya ya Maswa, pamoja na Ntuzu, Dutwa, Kanadi, Meatu na Mwagala. Katika himaya hizo ntemi hakuwa na karani. Alikuwa na banang'oma, wazee wa baraza walioijua nasaba ya kiti, waliomtawaza na waliokuwa na haki ya kumwondoa, na ng'oma yenyewe, ambayo mwenye kuimiliki kwa halali ndiye aliyekuwa mtawala. Baadhi ya waandishi wa zamani waliona kwamba nchi isiyo na karatasi haina kumbukumbu. Rai hiyo ni ya mtu asiyewahi kukaa na wazee wakishindana juu ya nani alizaliwa na nani, maana huko kosa la jina moja halipiti bila kusutwa. Ng'oma nyingi za enzi za batemi zilikusanywa na Padre David Clement katika makumbusho ya Bujora, nje ya mji wa Mwanza, yaliyofunguliwa mwaka 1968. Nami nashikilia kwamba makumbusho yale ni hazina ya nyaraka kwa kadiri ile ile kama jengo lolote lenye makasha.

Karatasi za kwanza zilizoandikwa katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu zililetwa na wamisionari. Nassa, kando ya Ziwa, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Busega, ilikuwa kituo cha Church Missionary Society katika karne ya kumi na tisa, na mwaka 1909 ikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Badiliko hilo la wenye kituo lilizigawa karatasi zake mafungu mawili: zile za kwanza zimo Birmingham, Uingereza, na zile za pili zimo Wheaton, katika jimbo la Illinois, Marekani. Mapadre Weupe waliofungua Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883 walikuwa na amri ya kuandika daftari la kila siku katika kila kituo, mvua iliponyesha na ilipokosa, nani alikuja kuomba dawa, ntemi gani alituma wajumbe. Na daftari hizo nakala zake zimo Roma. Wamarekani wa shirika la Maryknoll waliofika Shinyanga katikati ya miaka ya 1950 nao waliandika kwa bidii, na hazina yao iko katika jimbo la New York. Mtu mmoja wa Itilima aliyebatizwa, akasomeshwa, akaugua na kutibiwa, aweza kuwa na habari zake katika mabara matatu bila yeye kuvuka hata mto Simiyu.

Wajerumani walipotawala, mambo yalichukua sura nyingine. Wao waliamua kuitumia lugha ya Kiswahili katika shughuli za serikali kwa wenyeji, wakawasomesha makarani katika skuli ya Tanga na kwingineko, na kwa hiyo ntemi wa bara, ambaye kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara na ya wageni, alijikuta akipokea amri za kodi na za vibarua katika lugha ya pwani. Hapo ndipo alipozaliwa mtu ambaye tarikhi imemsahau ingawa imeandikwa kwa mkono wake, yaani karani wa ntemi. Alikuwa akisikia maneno kwa Kisukuma, akiyageuza kichwani, akiyaandika kwa Kiswahili, na kupokea jibu ambalo lilianza kwa Kijerumani. Na katika safari hiyo ya lugha tatu maneno mengi yalilainishwa, mengine yalitiwa chumvi, na mengine, nadhani, yaliachwa kwa makusudi ili nchi ipate amani.

Nyaraka za Wajerumani wenyewe zina kisa chake. Vita Kuu ya Kwanza ilipowazidi na Tabora ikawa karibu kuanguka, jambo lililotokea mwezi wa Septemba 1916, sehemu kubwa ya majalada ya serikali yao ilifukiwa ardhini huko Tabora, na baada ya vita ikafukuliwa na kurudishwa Dar es Salaam. Miaka mingi baadaye wataalamu wawili kutoka Ujerumani, Eckhart Franz na Peter Geissler, walikaa na majalada hayo wakayatungia fahirisi ya juzuu mbili, na kwa fahirisi hiyo ndipo mtafiti wa leo anapoweza kuyatafuta. Karatasi iliyolala chini ya udongo wa Unyamwezi ikatoka inasomeka ni jambo la kumshukuru Mungu, kwa kuwa karatasi iliyolala juu ya dari ya nyumba ya tembe haikuwa na bahati hiyo.

Lakini khati nyingi za Itilima ni za wakati wa Waingereza, na hapa ndipo panapofaa tukae. Sir Donald Cameron, aliyekuwa Gavana tangu mwaka 1925 hata 1931, alitoa mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji, ambayo ilimfanya kila ntemi kuwa mtumishi wa serikali mwenye baraza, mahakama na hazina yake. Sheria hiyo ilizaa karatasi nyingi kuliko mtawala yeyote alivyokusudia. Kila hazina ilihitaji daftari la mapato na matumizi. Kila mahakama ilihitaji kitabu cha mashauri. Kila kodi ilihitaji stakabadhi. Na kila mtu aliyeona ameonewa na mahakama ya ntemi alipata njia ya kumwandikia Bwana Shauri, yaani afisa Mwingereza wa wilaya, katika Boma la Maswa. Barua hizo za malalamiko ndizo lulu ya hazina. Huanza kwa heshima na taadhima, mwandishi akijiita mtumwa mtiifu au mtoto wa serikali, hueleza jambo kwa urefu, huomba, kisha hurudia kuomba, na mwisho kabisa, chini ya khati nzuri ya karani wa kukodiwa, ipo alama ya dole gumba la mwenye shauri. Dole lile ndilo sahihi ya mtu ambaye maneno yote yaliyo juu yake yameandikwa na mwingine. Msomaji mwepesi huyapita madole hayo, akaandika kwamba fulani alisema hivi na hivi. Msomaji wa haki hujiuliza kwanza karani alilipwa kiasi gani, na alikuwa jamaa wa nani.

Kuna na jambo la mashine ya taipu, ambalo halitajwi katika vitabu vya siasa ingawa lilibadili usawa wa kumbukumbu baina ya mtawala na mtawaliwa. Kabla yake, mwenye kuandika alibaki mikono mitupu mara barua ilipoondoka, isipokuwa amejitaabisha kuinakili. Karatasi ya kaboni ilipoingia ofisini, Boma lilianza kutunza kila kitu mara mbili: barua iliyoingia ilitobolewa, ikapewa namba na kufungwa kwa uzi ndani ya faili, na jibu lililotoka liliacha kivuli chake hapo hapo nyuma yake, na mbele ya faili ukawekwa ukurasa wa madokezo, ambamo maofisa walisemezana juu ya mlalamikaji kwa maneno ambayo hawakutaka ayasikie. Familia ya Itilima ilibaki na nusu moja ya mazungumzo, nayo ni ile hafifu, jibu la mistari mitatu lisemalo kwamba jambo lake limeangaliwa. Serikali ilibaki na nusu zote mbili na madokezo juu yake. Mjukuu asomaye faili leo aweza kujua juu ya shauri la babu yake mambo ambayo babu mwenyewe alikufa bila kuyajua. Sidhani kama kuna sababu bora kuliko hii ya kumfanya mtu atumie nauli yake kwenda Dar es Salaam.

Kila wilaya, fauka ya hayo, ilikuwa na kitabu chake ambacho kila Bwana Shauri mpya alikikuta na kukiongeza. Humo ziliandikwa habari za makabila, sheria za ardhi, bei, mvua, na shajara za nasaba za watawala. Shajara hizo zataka tahadhari kubwa. Afisa aliketi na wazee wachache, kupitia mkalimani, akauliza nani alimzaa nani. Wazee wakajibu kwa kufuata maslahi ya nyumba yao, kama wazee wa kila nchi wafanyavyo. Afisa akachora mistari. Na mistari ile, ambayo jana ilikuwa hoja ya upande mmoja, kesho yake ikawa ushahidi wa serikali. Itakumbukwa kwamba katika himaya nyingi za Usukuma urithi wa kiti ulipita zamani kwa upande wa mama, mtoto wa dada wa ntemi akimrithi mjomba wake, na kwamba desturi hiyo ilibadilika wakati wa utawala wa kigeni ikawa mtoto wa kiume amrithi baba. Badiliko la namna hiyo haliwezi kupita bila wapo walioshinda na wapo waliofukuzwa, na walioshinda ndio aghalabu walioulizwa na afisa.

Mtu aliyeyasikiliza mambo haya kwa subira zaidi kuliko wote ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika kuwa mtaalamu wake wa mila. Alizunguka Usukuma akikalisha mabaraza ya wazee, akitoa maswali, akiyarudia mbele ya wazee wengine, na matunda yake yalikuwa vitabu vitatu vilivyofuatana upesi: juu ya kutawazwa kwa ntemi mwaka 1951, juu ya sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, na juu ya mpango wao wa utawala mwaka 1954. Vitabu hivyo vinajulikana. Visivyojulikana sana ni karatasi alizoziacha alipofariki mwaka 1962, ambazo zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majalada kwa majalada ya madondoo na maelezo ambayo hayakuingia vitabuni. Maktaba hiyo hiyo ilipokea katika miaka ya 1960 miswada ya Kiswahili iliyokusanywa pwani na J. W. T. Allen, mashairi na nyaraka za watu wa Lamu, Mombasa na Tanga. Na hupendeza kufikiri kwamba utenzi wa Pate na sheria ya mahari ya ng'ombe ya Usukuma vimekuwa majirani katika jengo moja. Cory alikuwa mtumishi wa dola, na maswali yake yalikuwa ya dola iliyotaka kujua itatawalaje kwa gharama ndogo. Hata hivyo nampa haki yake, kwa kuwa aliandika mabishano pale ambapo wengine waliandika jibu moja tu.

Karibu na mwaka 1946 batemi wa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho lililokuwa na makao Malya, na Majebere, ntemi wa Mwagala, alikuwa mkubwa wake. Kumbukumbu za mabaraza ya Malya ni kavu kwa mtu asiye na mapenzi nazo: mifugo ipunguzwe, matuta yalimwe, mbegu zipandwe kwa tarehe, asiyetii atozwe faini. Lakini mwenye kuzisoma huku akikumbuka kwamba miaka michache baadaye watu wa Usukuma waliungana kwa maelfu na chama cha TANU ataona katika orodha za faini hizo mwanzo wa jambo kubwa, ambalo waandishi wa orodha hawakulitambua.

Pamba nayo ilikuwa na karatasi zake, na hizi ndizo zilizokaa majumbani. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka, na tangu hapo pamba ya upande wa Maswa ilikuwa na njia ya kuifikia dunia. Lakini mzani ulikuwa wa mnunuzi, na mkulima asiyejua kusoma mizani alikuwa hana la kusema. Paul Bomani na wenziwe walipounda vyama vya wakulima, hata shirikisho la ushirika la Victoria likaandikishwa mwaka 1955, silaha yao ya kwanza ilikuwa mtu wa kutazama mzani na kipande cha karatasi chenye uzito ulioandikwa. Stakabadhi ya pamba ikawa katika nyumba za Itilima, pamoja na stakabadhi ya kodi, hati ya thamani kuliko barua, maana ya kwanza ilimpatia mtu fedha na ya pili ilimwepusha na pingu. Zilitiwa ndani ya mkebe wa bati, juu ya dari ambapo moshi wa jiko hufukuza wadudu, na mkebe ulikuwa na mwenyewe, aghalabu mama wa nyumba. Katika mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, na vitabu vya vyama hivyo vikakosa mwenyewe kwa mara moja.

Katika mikebe hiyo zilikuwamo pia khati za watoto waliokwenda mbali. Wako waliokwenda kukata mkonge Tanga, na wako waliochukuliwa katika King's African Rifles wakafika Burma mwaka 1944 kupigana katika mvua na matope ya nchi wasiyoijua. Barua ya askari ilisomwa kwanza na mkaguzi wa jeshi, kisha ikasafiri kwa meli na gari la moshi na baiskeli ya tarishi, kisha ikasomwa kwa sauti na mwalimu wa skuli au katekista mbele ya ukoo mzima, kwa kuwa baba hakujua kusoma. Khati iliyopita mikononi mwa watu wote hao kabla ya kufika sikioni mwa mama haiwezi kuwa na siri. Na kwa hiyo asitarajie mtu kukuta humo maneno ya moyoni. Humo mna salamu, na salamu za wa kuwasalimu wengine, na habari za afya, na maswali juu ya ng'ombe. Maswali juu ya ng'ombe yataka yasomwe kwa makini, maana kijana aliyekuwa vitani akiuliza kama dume fulani bado lipo zizini, pengine anauliza kama baba amekwisha kumpelekea mahari mchumba wake, au ameyatumia kwa ndugu yake mdogo.

Wanawake wamo katika karatasi hizi kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa mahakama. Mwanamke wa Itilima huandikwa anapoachwa, anapodai watoto, anapogombewa na warithi wa mume, au pale wazazi wake wanapotakiwa kurudisha mahari. Na kitabu cha mashauri humtaja kwa jina la baba au la mume, kisha hutaja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi na umri. Aliyeishi miaka 60 kwa amani na mumewe hana mstari hata mmoja. Tarikhi ya ndoa katika Usukuma iliyoandikwa kwa mahakama peke yake itakuwa tarikhi ya ugomvi.

Mwaka 1961 ulipokaribia, Waingereza walikagua majalada yao kabla ya kuondoka. Waziri wao wa makoloni, Iain Macleod, alikuwa ametoa maagizo kwamba karatasi zitakazoaibisha serikali yake au watumishi wake zisiachiwe serikali mpya. Nyingine zikachomwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza kwa siri, na dunia haikupata kujua hakika ya ghala la karatasi hizo hata mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London. Za Tanganyika zimo humo, na sasa zasomeka katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, katika mfululizo uitwao FCO 141. Serikali ya Mwalimu Nyerere kwa upande wake ilitoa mwaka 1963 waraka wa Rais uliokataza kuharibiwa ovyo kwa majalada na kuanzisha hazina ya taifa, na sheria yake ikafuata mwaka 1965. Mwaka huo huo wa 1963 ndio serikali ilipoondoa mamlaka ya machifu, kwa hiyo makarani wa batemi walifunga vitabu vyao wakati ule ule ambapo, kwa mara ya kwanza, palikuwa na mahali pa kuvipeleka.

Si vyote vilivyofika. Na vile vya majumbani vilipata msukosuko mwingine mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, wakaaji wa mbuga hizi walipohamishwa kutoka katika miji yao iliyotawanyika na kukusanywa pamoja. Mtu aliyeamriwa kuhama kwa siku chache, mwenye watoto, vihenge vya nafaka na mifugo, hawezi kulaumiwa akisahau mkebe darini. Nyumba ikabomolewa, na babu ambaye stakabadhi zake zilianzia kodi ya kwanza akawa, kwa upande wa karatasi, kana kwamba alizaliwa siku aliyoingia kijijini.

Limebaki jambo la mipaka, ambalo humtatiza mtafiti kuliko vumbi. Kanuni ya wahifadhi wa nyaraka dunia nzima ni kwamba karatasi hukaa chini ya jina la ofisi iliyoizaa, wala haihamishwi nchi inapokatwa upya. Bariadi ilikatwa kutoka Maswa katika miaka ya 1970. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kuzitoa Maswa, Bariadi na Meatu katika Mkoa wa Shinyanga na Busega katika Mkoa wa Mwanza. Na wakati huo Itilima ikatolewa Bariadi, Lagangabilili ikawa makao makuu. Kijana aendaye katika jengo la Nyaraka za Taifa pale Upanga, au katika tawi la Mwanza, akauliza faili za Itilima, ataletewa karatasi za juzi au ataambiwa hakuna kitu. Na aulize Maswa, aulize Jimbo la Ziwa, aulize Mwanza, na kwa miaka iliyofuata aulize Shinyanga; ajitayarishe kusoma Itilima ikiandikwa kwa tahajia tatu tofauti katika ukurasa mmoja; na asiondoke kabla hajayasoma madokezo yaliyo mbele ya faili. Sheria ya mwaka 2002 huyafungua majalada ya serikali yakitimiza miaka 30, kwa hiyo faili za Bariadi za mwanzo wa miaka ya 1990, wakati Lagangabilili ilipokuwa bado chini yake, zimekwisha kufikia umri wa kusomwa, na wengi wa waliotia madole yao au sahihi zao humo wangali hai, waweza kuulizwa.